Kilichokuwa Ndani ya Distributa

Wewe uliyekaa hapo, umewahi kufunga mlango wa nyumba, ukafika njia panda, ukasimama ghafla ukajiuliza: nimefunga au sikufunga? Unakumbuka ufunguo ulikuwa mkononi. Unakumbuka na kitasa, ubaridi wake. Ila ule mkono kuzunguka, ule wenyewe, huukumbuki ng'o. Wengi hurudi, wakasukuma mlango, wakakuta wamefunga, wakajicheka na kwenda zao. Sasa mfikirie mtu ambaye hakuweza kurudi kutazama. Mfikirie amesimama kwenye njia panda hiyo miaka kumi na tisa.

Mtu huyo alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke, na watu wote walimwita Kaza. Jina alipewa na wateja. Hakuwa akikaza skrubu mara moja kama mafundi wengine. Aliikaza, akatoa bisibisi, akairudisha, akaikaza tena, halafu akasema kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi: "Nimekaza."

"Fundi, unamwambia nani?" waliuliza wageni.

"Mwenye gari."

"Mwenye gari si ndiye mimi niliyesimama hapa?"

"Basi na wewe umesikia."

Watu wakacheka, na wakazidi kumletea magari, maana gari lililopita mikononi mwa Kaza halikulala njiani. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza moja ya mbao iliyokula mafuta mpaka ikawa nyeusi, jiliwa la kubania vyuma pembeni, na makopo ya maziwa yaliyopangwa ukutani, kila kopo na skrubu za ukubwa wake. Alifagia asubuhi, akafagia tena jioni. Alikuwa hana mume wala hakuonekana kumtafuta. Alikula kidogo. Injini yoyote ikikohoa barabarani, hata ya lori la mchanga lisilomhusu, aliacha alichoshika akasikiliza mpaka ipite.

Jambo alilotaka kulijua duniani lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa limefungwa ndani ya kikopo cha ukubwa wa ngumi, kwenye gari la marehemu baba yake.

Gari lenyewe lilikuwa jipu la zamani, fupi, pana mabega, milango ya bati, magurudumu yote manne yakivuta. Baba alilitumia kupeleka dawa kwenye zahanati za milimani, kule ambako barabara hufika mahali ikachoka ikawa mawe. Kaza alikuwa kifungua mimba, na baba alimfundisha injini kabla hajafundishwa kupika. Alimfundisha hasa distributa, hicho kikopo chenye waya tano juu kinachogawa cheche kwa kila plagi kwa zamu yake. Ndani yake kulikuwa na platini, vile vijino viwili vya chuma vinavyofunguka na kufumba. Vikifunguka, cheche inaruka. Vikikosa kufunguka sawasawa, hakuna cheche, na pasipo cheche jipu ni kabati tu lenye magurudumu.

"Cheche ni kama mgeni," baba alizoea kusema. "Ikija mapema inakukuta hujavaa. Ikichelewa, chakula kimepoa. Tunataka ibishe hodi wakati sahani inatua mezani."

Upenyo wa platini waliupima kwa kipande cha kasha la kiberiti. Vipimo vya chuma vilikuwepo madukani, lakini baba alisema kasha la kiberiti halimwongopei mtu. Unakichomeka kile kipande katikati ya vijino, unasogeza platini mpaka ikibane kidogo, kama midomo inavyoshika sindano, kisha unakaza kiskrubu kimoja kidogo kinachoishikilia isisogee. Hicho kisipokazwa, gari litawaka vizuri tu na kuondoka nyumbani likiimba. Mtikisiko wa njia ndio utakaoisogeza platini, unywele kwa unywele, mpaka vijino visifunguke tena.

Asubuhi ya siku ile mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Baba alikuwa na haraka. Kaza, miaka kumi na sita, alikuwa ameinama chini ya boneti ndani ya banda, akiweka platini mpya. Alichomeka kasha la kiberiti. Alisogeza. Alishika bisibisi. Mara mama akaita kutoka jikoni, sauti ya juu, kwamba mdogo wake ameanguka kwenye ngazi na damu inamtoka, aje amshike. Alikimbia. Alimshika mtoto, akamfuta, akambembeleza. Aliporudi bandani alifunika distributa, akabana vile vibanio viwili, akashusha boneti.

"Tayari, fundi wangu?" baba akauliza.

"Tayari, baba."

Basi. Bisibisi mkononi anaikumbuka. Kichwa cha kiskrubu anakikumbuka, kilikuwa na mkwaruzo mmoja. Kiganja chake kikizunguka, hicho hakikumbuki hata leo.

Walioona yaliyompata baba walikuwa ng'ambo ya mto wa njia ya milimani, pale ambapo hapana daraja, ni mawe tu yaliyopangwa chini ya maji. Walisema gari liliingia vizuri. Katikati likakohoa mara mbili, likazima. Wakamwona dereva akipiga stata, akipiga stata, na maji yakipanda. Hawakuwa na kamba. Walisema sauti ya stata ndiyo iliyokuwa ya mwisho kusikika, na mmoja wao, mzee wa watu, aliomba asiulizwe tena habari hiyo.

"Moto ulikatika," walisema waliolivuta gari siku ya tatu. Walimaanisha umeme. Maneno hayo waliyasema mbele ya mama, na Kaza alikuwa amesimama nyuma yake ameshika pindo la kanga yake kama mtoto wa miaka minne.

Mama hakugeuka. Jipu likaingizwa bandani, akasema boneti ile asiifungue mtu, na ikawa sheria ya nyumba. Kila Jumamosi alilifuta vumbi mwenyewe kwa kitambaa chenye maji, juu mpaka chini, isipokuwa mstari wa tope ulioachwa na mto kwenye milango. Ule aliuzunguka. Alifuta juu yake, akafuta chini yake, akauacha.

Kaza alilitafsiri hivi: mama anajua. Anajua, na ameamua kutosema, na amelifungia gari kama mtu anavyotunza barua ya mahakama. Kila Jumamosi alipomwona na ndoo, aliacha alichoshika akangoja.

*

Aliyeamsha mambo alikuwa yule mdogo wake aliyeanguka kwenye ngazi. Alikuwa amekua, amesoma, amekuwa daktari wa mifugo, na kila mtu alimwita Daktari wa Ng'ombe, na mwenyewe akasema afadhali, maana ng'ombe hawabishani na daktari. Kuhusu baba alikumbuka harufu tu ya petroli na mkono uliomrusha juu. Kazi yake sasa ilikuwa milimani kule kule, na pikipiki aliyopewa haikuweza kubeba masanduku ya chanjo.

"Mama," alianza siku moja wakinywa chai, "ng'ombe kule juu wanakufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ninayo kwenye friji. Na gari lipo bandani linaogeshwa kila wiki kama bwana harusi."

"Kunywa chai yako."

"Nakunywa. Lakini bwana harusi huyu ataoa lini?"

Alisema hivyo wiki hiyo, akasema na wiki iliyofuata, mwezi wa kwanza mpaka wa tatu. Maji ya tone hutoboa jiwe. Siku moja mama alikuwa akichambua mchele, akasema bila kuinua macho:

"Utapita mtoni?"

"Njia ni ile ile, mama. Hawajajenga nyingine."

Akachambua. Akatoa jiwe moja, akalitupa. "Dada yako ndiye atakayelitengeneza, si mtu mwingine. Abadilishe anachotaka. Ila kile kikopo chenye waya tano, kile asikifungue."

Kaza aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa imejaa, ikamwagika kidogo.

"Mama," akasema polepole, "gari la kupita kwenye maji siwezi kuliacha na platini. Platini zikipata unyevu zimekwisha. Siku hizi kuna kifaa cha kielektroniki, kidogo, hakina kijino wala upenyo. Kuna sumaku inazunguka na jicho linaisoma. Hakiliwi, hakisogei. Lakini kinakaa humo humo ndani ya kikopo."

"Basi nunua kikopo kipya kizima."

"Cha injini hii hakipatikani tena. Nimetafuta. Waliokitengeneza walishasahau kama walikitengeneza."

"Nimesema."

Daktari wa Ng'ombe akapiga paja. "Mama! Hapo ndipo penye ugonjwa! Ni kama uniambie nimtibu ng'ombe jino, ila mdomo nisiuguse."

"Na wewe funga wako," mama akasema, akainuka na ungo wake.

Kaza akabaki akitazama ile chai iliyomwagika. Hakuona tena mama mwenye huzuni. Aliona mlinzi.

*

Walianza Jumanne asubuhi, jua likiingia bandani kwa vipande kupitia mbao. Kaza alianza na vile visivyokatazwa. Alimimina mafuta mepesi kwenye matundu ya plagi akayaacha yalale, akazungusha injini kwa mkono na spana kubwa, robo duara, robo duara, mpaka ikakubali. Alitoa matope kwenye tangi. Alisafisha kabureta kwenye beseni. Chini ya kiti cha dereva alikuta kome wa mtoni, mdogo kama kifungo, amekauka. Alimweka dirishani, hakumwonyesha mtu.

Siku ya pili alifunga koili mpya ya kukuzia umeme wa cheche, plagi mpya nne, waya mpya nene zilizovikwa mpira. Alipanga waya kwa zamu aliyofundishwa: moja, tatu, nne, mbili. Aliimba zamu hiyo chini kwa chini, akagundua anaiimba kwa sauti ya baba, ile ya kuvuta neno "nne". Akanyamaza.

"Dada, unatokwa jasho na hakuna joto," mdogo wake akasema.

"Nipe betri."

Daktari wa Ng'ombe akaibeba, akaiweka mahali pake. Mama alikuwa amekuja na ungo wa mchele, akakaa kwenye kigoda penye mlango wa banda, kama anayelinda. Kaza akagusisha waya wa mwisho kwenye betri ili apime tu kama umeme unafika.

Waipa zikaondoka.

Zilikwenda polepole, zikikwaruza kioo kikavu, zikafika nusu zikatetemeka. Taa moja ya mbele ikafumbua jicho la manjano. Kwenye dashibodi kitaa chekundu kikawaka. Hakuna aliyekuwa ameketi kwenye kiti, na swichi hakuna aliyeigusa tangu gari lilipotolewa majini. Vyote vilikuwa vimewashwa vile vile kama mwenyewe alivyoviacha.

"Mvua ilikuwa ikimnyeshea," mama akasema, taratibu sana. "Haoni mbele. Akawasha."

Ungo ukateleza, mchele wote chini. Mama akainuka akauvuka, akaenda zake ndani.

Kaza akanyofoa waya wa betri kwa nguvu hadi ukamkwaruza kidole. Taa ikafumba. Kitaa chekundu kikazima. Ndipo, waya ukiwa umeshatoka, ukining'inia hewani mbele ya macho yao wawili, waipa zikarudi taratibu mpaka chini, zikalala mahali pake. Banda lote likanuka mto.

"Ni springi hiyo," mdogo wake akasema. Midomo yake ilikuwa imepauka.

Miaka yote ya ufundi wake Kaza hakuwahi kuona waipa yenye springi.

*

Siku ya tatu Daktari wa Ng'ombe alichukua dumu akaenda kutafuta petroli. Mama alikuwa jikoni, vikombe vikigongana kwenye beseni. Kaza akasimama mbele ya injini, mikono ameishusha.

Alijua hoja zote mbili, alikuwa amezipigia hesabu usiku na mchana. Asipofungua, mdogo wake atapita mto ule ule na platini zile zile. Akifungua, atakiona kiskrubu. Atakichomekea bisibisi. Kikikataa kuzunguka, basi siku ile alikikaza. Kikizunguka bure, basi. Baba atakuwa ameuawa na mwanawe, naye atakuwa na hakika, na huenda hakika ni nyepesi kuliko shaka. Au si nyepesi. Usilolijua ni kama usiku wa giza, lakini kuna watu wameshazoea giza lao, wanajua kiti kiko wapi na mlango uko wapi.

"Baba, nafungua," akasema.

Alifungua kibanio cha kwanza. Akafungua cha pili. Kifuniko kikanata kidogo, kikatoka. Akachomoa rota, kile kidole kinachozunguka juu. Akainama.

Hapakuwa na kitu.

Platini hazikuwepo. Kile kikebe kidogo kinachokaa kando yake hakikuwepo. Na pale pa kiskrubu palikuwa na tundu tupu, jeusi, safi, la ukubwa wa punje ya mtama. Akaingiza kidole, akazungusha ukutani kote, kama mtu anayekomba sufuria. Hapakuwa na kitu. Maji hayafungui skrubu. Mto hauna bisibisi.

Hakukumbuka kutembea. Alijikuta mlangoni mwa jikoni, kifuniko mkononi, waya zake zikining'inia kama miguu ya kaa.

"Nani alifungua?"

Mama alikuwa na kikombe kimoja cha bati mkononi. Aliendelea kukisugua.

"Nilikukataza."

"Mama. Nani alifungua?"

Kikombe kikazama kwenye maji. Mama akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, akakaa kwenye benchi.

"Fundi mmoja," akasema. "Mpita njia, hakutujua hatukumjua. Wiki moja baada ya mazishi. Wewe ulikuwa umelala, ulikuwa unalala mchana kutwa siku zile." Akavuta pumzi. "Waliolivuta walisema moto ulikatika. Mimi sijui magari, lakini nimekaa na baba yako miaka kumi na minane, najua moto unakaa wapi. Na nilijua nani alikuwa hapo asubuhi. Na nilijua nani alikuita."

"Aliniita nani?"

"Mimi! Si mimi niliyekuita? Mtoto kachubuka goti, damu ya kijiko kimoja, nikapiga kelele kama nyumba inaungua. Nikakutoa kwenye kazi." Akapiga kifua kwa kiganja, mara moja. "Nikasema: kikopo hicho kikifunguliwa, kuna neno litatoka humo, na neno hilo litamwua mwanangu. Nimeshazika mmoja. Nikamwita yule fundi, nikamwambia fungua, toa kila kilichomo. Akafungua. Akatazama. Kisha akanigeukia, akafungua mdomo."

"Akasema nini?"

"Nilimwambia, neno ulilonalo limeze. Litoe shambani, si hapa. Akafunga mdomo. Akatia vile vichuma mfukoni, akaondoka navyo."

"Na wewe hukutazama."

"Nilikuwa nimefumba macho, mwanangu. Mwanamke mzima, nimesimama kwenye banda langu nimefumba macho."

Maji yakadondoka kutoka kwenye bomba, tone, tone.

"Kwa hiyo hujui," Kaza akasema.

"Sijui."

"Na mimi sijui."

"Hakuna anayejua," mama akasema, na alilisema kama mtu anayekabidhi zawadi aliyoitunza muda mrefu, karatasi yake haijakunjika.

Mchelea mwana kulia hulia yeye, walisema waliotutangulia. Hawakusema habari ya nyumba ambamo wote wawili walilia, kila mmoja kwenye chumba chake, kila mmoja akiziba mdomo ili mwenzake asisikie.

*

Kaza alirudi bandani akafanya kazi. Angefanya nini? Mikono ndiyo iliyokuwa na la kufanya.

Alifuta ndani ya kikopo kwa kitambaa kikavu. Alivika pete ya sumaku kwenye mhimili wa katikati. Akakiweka kile kifaa kipya, cheusi, kidogo kuliko kasha la kiberiti, pale pale zilipokaa platini, na kiskrubu chake kikaingia kwenye lile tundu lile lile. Waya mwekundu upande mmoja wa koili, mweusi upande wa pili. Alikaza. Akatoa bisibisi. Akairudisha, akakaza tena. Akafungua mdomo kusema lile neno lake la kila siku, halikutoka.

Akaweka mpira mpya chini ya kifuniko, akabana vibanio. Mdogo wake akarudi na dumu, akawatazama, dada na kisha mama aliyekuwa amesimama kando ya nguzo, akaona kuna jambo limepita. Kwa mara ya kwanza maishani hakufanya mzaha. Alimimina petroli akaketi kwenye kiti cha baba.

"Piga," Kaza akasema.

Stata ikalia. Mama akafumba macho. Ikalia tena, na kabla haijamaliza kulia injini ikashika.

Moshi wa buluu ukajaa banda, ukatoka. Injini ikatulia. Kaza akaelekeza taa ya kupimia wakati wa cheche kwenye puli la mbele ya injini, akazungusha kikopo kidogo kidogo mpaka ile alama nyeupe ikasimama mahali pake kama imegandishwa. Akakaza kikopo. Sauti ilikuwa laini, ndefu, haina pengo.

"Halikohoi," mama akasema. Enzi za baba jipu lile lilizoea kukohoa likiwa bado chini ya kilima, na kwa kikohozi hicho alijua wakati wa kupakua chakula.

"Ndiyo kupona huko," Daktari wa Ng'ombe akajibu kutoka ndani.

"Bado," Kaza akasema. Akaenda bombani, akarudi na ndoo imejaa.

Mama aliona anachotaka kufanya. "Usifanye hivyo."

"Lazima nijue."

"Yumo ndani!"

"Yumo kwenye banda, mama. Afadhali lizime hapa."

Akainua ndoo akamwaga maji yote juu ya distributa, juu ya koili, juu ya waya. Mvuke ukapanda mweupe, ukamficha yule aliyeketi kwenye kiti, kukawa na umbo tu nyuma ya kioo, mabega, kichwa, mikono miwili kwenye usukani. Mama akaikumbatia nguzo. Maji yakachuruzika mpaka chini. Injini ikaendelea. Haikukohoa, haikushtuka, haikupunguza hata pumzi moja. Mvuke ukatawanyika, na aliyekuwa kwenye kiti akawa ni kitinda mimba wao, akicheka na kulia pamoja, akipiga honi ya zamani iliyolia kama bata mwenye mafua.

"Nalitoa nje!" akapiga kelele. "Mpaka shuleni na kurudi!"

Akaingiza gia, likasita, likatoka. Waliisikia sauti ikiteremka barabarani, laini, mpaka ikawa kama nyuki, mpaka ikaisha.

Banda likabaki wazi. Pale liliposimama gari kulikuwa na udongo wa rangi nyingine, umelowa upande mmoja tu, mstatili mrefu, na alama nne za magurudumu zilizozama. Sisimizi walikuwa wakikimbia huku na huku, wasijue paa lao limekwenda wapi. Mama na binti walisimama kando ya mstatili ule kama watu walio kando ya kaburi. Hakuna aliyetaka kuukanyaga.

"Umenikasirikia," mama akasema.

Kaza alitikisa kichwa.

"Umenikasirikia, nakujua. Unapokasirika unafunga mdomo kama baba yako." Akangoja. "Kama nilikosea, nilikosea kwa kukupenda. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulikuwa huli. Nilikuwa naingia chumbani nakuwekea mkono puani nione kama unapumua. Niliviondosha vile vichuma ili usije ukahukumiwa na mtu yeyote, hata na mimi. Ningefanya nini kingine? Niambie. Ulitaka nini kwangu?"

Kaza aliangalia mikono yake. Ilikuwa na mafuta mpaka kwenye kifundo, na kidole kimoja kilikuwa kikitoka damu kidogo pale alipojikwaruza jana. Kwa mbali, ng'ambo ya nyumba, nyuki yule alikuwa ameanza kusikika tena, anarudi.

"Nilitaka uniulize, mama," akasema. "Kila Jumamosi ulipochukua ndoo nilisema, leo ataniuliza. Ningekujibu sijui, ungenipiga, ungenifukuza, yote sawa. Nilitaka uniulize tu."